Kwa mdogo wangu anayewahusudu samurai

Mdogo wangu,

Naziona picha za upanga unazoposti, na yale maneno ya heshima na kifo unayoyaweka chini yake. Sikukatazi. Ila samurai, yule askari wa kale wa Japani unayemsifu wewe, ni wa zama za vita, na vita vile viliisha mapema. Baada ya pigano la Sekigahara mwaka 1600 na kuanguka kwa ngome ya Osaka mwaka 1615, ukoo wa Tokugawa uliishika Japani kwa miaka zaidi ya 250. Ukiacha uasi wa Shimabara wa 1637, amani ilitanda hadi karne ya 19. Samurai wengi walizaliwa, wakazeeka na kufa bila kuchomoa upanga vitani hata siku moja. Sasa siku nzima walikuwa wakifanya nini?

Wakisubiri mshahara.

Mshahara wenyewe ulikuwa mchele, uliopimwa kwa koku. Koku moja ni kama kilo 150, na ilihesabiwa kumtosha mtu mmoja kwa mwaka. Pale Edo, Tokyo ya leo, watumishi wa ngazi za chini wa shogun, yaani mtawala wa kijeshi wa ukoo wa Tokugawa, walilipwa mara tatu kwa mwaka kutoka maghala ya Asakusa, kando ya mto Sumida. Lakini mafuta ya kuwashia taa na karatasi havinunuliwi kwa mchele, ni lazima uuzwe kwanza. Hapo ndipo walipoingia madalali walioitwa fudasashi. Walimpokelea samurai mchele wake, wakamuuzia, wakakata chao, wakampa fedha. Akipungukiwa, walimkopesha kwa dhamana ya mchele wa msimu ujao. Msimu ukifika, deni limemeza kila kitu, anakopa tena kwa ule unaofuata. Kausha damu kabisa, na aliyekaushwa alikuwa na panga mbili kiunoni.

Mwaka 1789 waziri mkuu wa shogun, Matsudaira Sadanobu, alifuta kwa amri madeni yote yaliyozidi miaka kama sita. Samurai walishangilia. Haukupita muda, fudasashi wakafunga mikono: hakuna mkopo kwa yeyote. Wenye panga wakabaki kubembeleza milangoni pa wauza mchele, ambao kwa vyeo vya jamii ile walikuwa wa chini kuliko hata wakulima. Sehemu hii ndiyo inayonichekesha kuliko zote.

Basi wakafanya vibarua. Wapo waliotengeneza miavuli ya karatasi nyumbani, mke akigundisha na mtoto akishika mianzi. Kikosi cha wapiga bunduki wa mtaa wa Okubo kilisifika kwa kuotesha maua ya azalea na kuyauza. Wengine waliweka rehani upanga halisi, wakachomeka ubao wa mwanzi kwenye ala ili wapitapo njiani wasijulikane. Wajapani wana methali juu yao: samurai hata kama hajala, huchokonoa meno. Apite akiwa na kijiti mdomoni, jirani aseme huyu kashiba.

Na ile haki ya kumkata raia aliyemvunjia heshima, ambayo najua unaipenda, ilikuwepo. Lakini ilimbidi samurai aende kuripoti, achunguzwe, atafute shahidi. Asipoeleweka, adhabu ilimwangukia yeye, na wengine walipoteza maisha kwa hilo.

Ninaowaza mimi zaidi ni waliolima huo mchele. Mwaka 1588 Toyotomi Hideyoshi, aliyeitawala Japani kabla ya Tokugawa, alituma watu vijijini kukusanya panga, mikuki na bunduki za wakulima. Waliambiwa chuma chao kitatengenezwa misumari ya sanamu kubwa ya Buddha mjini Kyoto, kwa hiyo kitawafaa hapa duniani na huko ahera. Ujanja ulioje! Kabla ya hapo mkulima aliweza kushika silaha na kupanda cheo. Hideyoshi mwenyewe alitokea familia ya hali ya chini, kisha akaufunga mlango aliopitia. Tangu hapo mkulima akabaki shambani, akitoa mara nyingi asilimia 40 au 50 ya mavuno kama kodi. Vijiji vingi vilipeleka mchele ghalani na kupika shayiri na mtama. Mashairi juu ya maua ya micheri yaliandikwa kwa jasho hilo, nawe hujawahi kumposti mkulima hata mmoja.

Mwaka 1876 serikali mpya ya Meiji, iliyokuja baada ya Tokugawa, ilipiga marufuku kubeba upanga hadharani. Mwaka huohuo ikafuta ule mshahara na kuwapa samurai hati fungani badala yake. Wengi waliziuza, wakafungua maduka bila kujua kuuza, na mtaji ukakatika. Hadi leo mtu asiyejua biashara akiingia sokoni na kufilisika, Wajapani humwambia amefanya biashara ya samurai.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Dada yako