Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama, hamjambo nyote.

Hesabu za chama chetu cha wenye tanuri za mkate hapa Kenya ziko kwa mweka hazina, zimekaguliwa, na kila mmoja atapata nakala yake mlangoni. Mimi naanza na swali nililoulizwa mwaka huu nikakosa jibu.

Ilikuwa kwenye kikao cha kusikiliza maoni ya umma. Mimi na katibu tulikwenda na barua ya kurasa tatu, tukilalamika kwamba masharti anayowekewa mwenye tanuri ya mkate yamekuwa mengi na ghali. Niliisoma yote. Mheshimiwa mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwenyekiti, hiyo ghali ni shilingi ngapi?" Nikamgeukia katibu. Katibu akafungua faili, akapekua, akalifunga. Tukashukuriwa, akaitwa mwingine.

Tangu siku ile kamati yenu imekuwa ikilitafutia swali lile jibu, na nimeanza na daftari la tanuri yangu. Mfanyakazi ninayemlipa shilingi 20,000 kwa mwezi, mimi namchangia NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, asilimia 6, yaani 1,200, naye hukatwa kiasi hichohicho. Ada ya serikali ya kujengea nyumba za bei nafuu, upande wangu, ni asilimia 1.5, shilingi 300. Tozo ya mafunzo ya viwandani ni 50. Jumla 1,550. Nina watu wanane, kwa hivyo ni 12,400 kwa mwezi na 148,800 kwa mwaka. Hapo sijatia bima ya ajali kazini, leseni ya kaunti, vyeti vya afya vya wanaoshika unga, wala ile asilimia 6 iliyoongezwa kwenye mshahara wa kima cha chini Novemba 2024.

Kuna pia gharama isiyokuwa na risiti. SHIF, mchango wa bima ya afya, asilimia 2.75, hutoka kwenye mshahara wa mfanyakazi peke yake, lakini kuikata, kuiandika na kuipeleka kabla ya tarehe 9 ni kazi ya mwajiri. Kiwanda kikubwa kina mhasibu aliyeajiriwa kwa hayo, na mshahara wake hugawanyika kwa maelfu ya mikate. Kwetu sisi, anayejaza fomu ndiye anayetakiwa kuwa mbele ya moto. Usiku wa tarehe 8 mwezi wa Julai nilikaa na simu mkononi mtandao ukizunguka tu, na nilipoinua kichwa unga ulikuwa umeumuka ukamwagika nje ya karai. Sinia kumi na mbili za mkate ziliharibika. Hakuna fomu ya kuandika hasara hiyo, lakini nayo ni gharama ya kutii sheria.

Nisieleweke vibaya. Mwezi Machi, kwa mwenzetu mmoja wa Kisauni, kijana aliingiza mkono kwenye mashine ya kukandia unga ikiwa inazunguka, vidole viwili vikasagika. Mwenzetu alikuwa amekata ile bima inayolazimishwa na sheria ya fidia za kazini ya 2007. Hospitali ililipwa, kijana akapata haki yake, na tanuri inawaka hadi leo. Mimi binafsi nilikuwa nikiinung'unikia bima ile kila Januari. Sasa sinung'uniki. Anayetaka kupima gharama ya sharti lazima aweke na mkono wa kijana yule kwenye mizani.

Sasa, nani anapima, na kwa mizani gani? Wengi wetu hatukujua kwamba tunayo sheria nambari 23 ya mwaka 2013, inayosimamia utungaji wa kanuni. Waziri au taasisi inayotaka kutoa kanuni yenye kuwatwisha watu gharama kubwa inatakiwa kwanza iandae taarifa ya athari: lengo ni nini, njia gani nyingine zingefaa, gharama na faida ni zipi, sekta binafsi itaguswa vipi. Ilani yake hutolewa ili watu watoe maoni. Kanuni ikishachapishwa, ifikishwe Bungeni ndani ya siku saba za vikao, la sivyo inakufa. Hii ni silaha halali na tumeiacha kabatini miaka kumi na miwili.

Lakini hiyo ni kwa kanuni tu, na mswada hauna sharti kama hilo. Chukueni mswada wowote wa Bunge la Taifa, msome maelezo ya mwishoni: mtaambiwa iwapo utaongeza matumizi ya fedha za umma. Fedha za mwenye tanuri hazitajwi popote. Marekani walilitazama jambo hili mwaka 1995, wakapitisha sheria inayoitaka ofisi ya bajeti ya Congress, bunge lao, ikadirie gharama za mswada unaotoka kwenye kamati iwapo masharti yake yataigharimu sekta binafsi zaidi ya dola milioni 100 kwa mwaka, kiwango kinachopandishwa kufuata mfumuko wa bei. Mswada bado unaweza kupita, ila mbunge hupiga kura akiwa ameiona bei. Bunge letu nalo lina ofisi yake ya bajeti. Naamini inaweza kupewa kazi hii, na tutaiomba hivyo kwa maandishi.

Mnakumbuka mwaka 2024, Mswada wa Fedha, ule wa kodi unaoletwa kila mwaka, ulipotaka kuutoza mkate VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Pendekezo liliondolewa Juni, hata kabla Rais Ruto hajakataa kuutia sahihi mswada mzima. Lile lilionekana upesi kwa sababu kila nyumba hula mkate. Masharti haya mengine hayaandikwi kwenye karatasi ya mkate. Mnunuzi huona tu kwamba boflo imekuwa ndogo, akatulaumu sisi.

Hata hivyo hesabu ikifika, husikilizwa. Tangu Januari 2024, ununuzi usio na ankara ya eTIMS, mfumo wa kielektroniki wa mamlaka ya ushuru, haukubaliwi kuwa gharama ya biashara. Wenzetu waliovuka mauzo ya milioni 25 kwa mwaka, wanaotozwa kodi juu ya faida, wanajua maana yake: mama anayekuletea mayai kutoka Kilifi hana mashine wala programu, kwa hivyo zile 10,000 ulizompa huhesabiwa kama faida yako, na kampuni hutozwa asilimia 30 juu yake, yaani 3,000. Wafanyabiashara wa kila aina walilia na jambo hilo, na marekebisho yaliyoanza tarehe 27 Desemba 2024 yakamruhusu mnunuzi amtolee ankara muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Sidai ni kazi yetu.

Jambo moja linanikera na nalisema wazi. Oktoba 2024 Mahakama ya Juu iliposema Sheria ya Fedha ya 2023 ni halali, ilieleza kwamba Bunge halina wajibu wa wazi wa kuwaandikia wananchi sababu za kuyakubali au kuyakataa maoni yao. Naiheshimu mahakama. Ila mtu aliyefunga tanuri siku nzima ili akatoe maoni angestahili angalau mstari mmoja wa jibu.

Mengine kwa ufupi. Tulimpoteza mwenzetu mmoja wa Likoni, Mungu amrehemu. Mchango wa mwezi haupandi. Ununuzi wa unga kwa pamoja umesimama hadi tupate ghala lisilovuja.

Mswada wa Fedha hufikishwa Bungeni kufikia mwisho wa Aprili. Kabla ya hapo nataka daftari la kila tanuri: wafanyakazi wangapi, makato kiasi gani, saa ngapi za fomu, mikate mingapi kwa siku. Majina hayatatoka nje ya kamati. Fomu ni ya ukurasa mmoja, iko kwa katibu, na asiyeweza kuandika aje Jumamosi baada ya adhuhuri, tutamwandikia.