Barua kwa mwanangu: Hiyo bushi iliyobaki

Ngamiani, Tanga

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, isipokuwa sijapata usingizi tangu uliponieleza kwenye simu, tena kwa kicheko, kwamba umebadilisha beringi za gurudumu la nyuma peke yako na kwamba "imebaki bushi moja tu". Bushi haibaki, mwanangu. Aliyeunda pikipiki hakutia ya akiba. Nawe kesho kutwa unataka kupakia abiria Mombo, upande naye Soni hadi Lushoto, zaidi ya kilomita 30 za kona, mlima huku na bonde kule. Usiipande kabla hujairudisha.

Hukuniambia ni ipi, kwa hiyo nitazieleza zote. Ikiwa ni ile ndefu, iliyo kama kipande cha bomba, mahali pake ni ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, katikati ya beringi mbili. Hiyo ndiyo inayozuia pete za ndani za beringi zisisukumwe kuelekeana unapokaza nati ya ekseli, kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu. Isipokuwamo, gololi hubanwa ubavuni, beringi hushika moto, na siku moja gurudumu hukataa kuzunguka. Najua utasema linazunguka vizuri. Legeza breki, kaza nati sawasawa, kisha lizungushe kwa mkono: likiwa zito kuliko lilivyokuwa kabla ya kukaza, bushi haimo. Ikiwa ni zile fupi za nje, gurudumu litakaa upande, sproketi ya nyuma, ile ya meno inayovutwa na cheni, haitatazamana na ya mbele, na cheni itayala meno yake kabla hujamaliza mkopo.

Sikatai kwamba umejitahidi, na mama yako amekwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe ni fundi. Lakini fundi hupanga vitu chini juu ya gunia kwa mfuatano ule ule alivyovitoa, na wewe, ninavyokujua, ulivitupa vyote ndani ya ndoo. Sasa fungua upya. Gonga beringi ya upande mmoja mpaka ikae chini kabisa, ndipo utie ile bushi ndefu, ndipo ya upande wa pili, taratibu, mpaka pete yake ya ndani iiguse bushi. Gonga kwenye pete ya nje tu, ukiweka beringi kuukuu juu yake. Sauti ya nyundo ikibadilika na kuwa kavu, imefika, acha. Ukiigonga pete ya ndani umeiua ikiwa mpya.

Soma pia namba iliyochongwa ubavuni. Beringi ya 6202 na ya 6302 zote zina tundu la milimita 15, kwa hiyo ekseli itapita humo na utadhani mambo yamekwisha, ilhali ya kwanza ina kipenyo cha nje cha milimita 35 na ya pili 42. Usikubali muuza duka akuambie zinalingana, wala usikubali kuizungushia bati la kopo ili ijae.

Yule mteja aliyerudi akiikokota pikipiki yake kutoka Pongwe, wakati ule ulipokuwa unanishikia spana, niliwaambia wote kwamba ameuziwa beringi mbovu. Beringi hazikuwa mbovu. Bushi yake niliiona jioni ile chini ya benchi, nikaitia mfukoni. Labda ndiyo maana wewe uliweza kucheka, kwa kuwa hukuwahi kuniona nikiogopa.

Bibi yako anaendelea vizuri na goti lake, ila amekataa dawa ya kuchua. Paa la jikoni bado linavuja upande wa pipa. Fedha ulizotuma nimenunulia bati mbili, na ya tatu itasubiri, kwa sababu nyingine nimenunulia beringi. Nimezifunga pamoja na grisi kidogo na pini mpya ya nati, kwa kuwa najua ile ya zamani umeirudisha imepinda, na nimemkabidhi utingo wa basi la asubuhi, atakuachia Mombo. Mama yako ametia na vitumbua juu yake. Nimemwambia vitanuka grisi, hakusikia.

Ukimaliza, kaza nati, zungusha gurudumu, kisha nipigie simu ukiwa bado umechuchumaa hapo. Nataka kusikia kwamba chini hapakubaki kitu.

Baba yako