Kunyoosha misuli: tunabadilisha utaratibu

Wazazi na vijana wangu, habari za jioni.

Jana nimewaona watatu mmefika uwanjani, mkainama kushika vidole vya miguu huku mkidundadunda, halafu moja kwa moja kwenye mpira. Hapana jamani. Mwili wa baridi hauvutwi kwa nguvu. Kuanzia Jumamosi tunaanza kwa kukimbia taratibu dakika 5, kisha kuinua magoti, kurusha miguu mbele na nyuma, kuzungusha nyonga. Kule kujinyoosha kwa kutulia kutakuja mwisho, misuli ikiwa bado na joto: sekunde 15 hadi 30 kila upande, mkipumua kawaida. Ukihisi kuvutwa, sawa. Ukihisi maumivu, legeza.

Nyumbani nataka kigimbi tu. Egemea ukuta kwa mikono, mguu mmoja nyuma, goti limenyooka, kisigino kimegusa sakafu. Wengi wenu kisigino kinanyanyuka bila kujua, na hapo mnausaidia ukuta usianguke.

Wazazi, mtoto aliyerefuka ghafla hadi suruali ya shule ikawa fupi anaweza kukakamaa kwa muda, maana mifupa imetangulia na misuli inafuata nyuma. Msimcheke, wala msimlinganishe na dada yake. Ila akilalamika maumivu chini kidogo ya goti, hasa anaporuka au kupanda ngazi, niambieni mapema apumzike. Yasipopungua, apelekwe hospitali.

Jumamosi saa 12:30 asubuhi. Kila mtu na chupa yake ya maji.