Upendo, usilale na njaa

Kiboriloni, Moshi
Jumapili jioni

Upendo wangu,

Hamjambo huko Ngaramtoni? Mama mpe shikamoo yangu. Sisi wazima, mvua zimeanza na mahindi yameota. Nisamehe kwa ukimya, tangu msiba wa mjomba sijatulia.

Jana Mama Glory kaniambia una mimba ya miezi minne, nikafurahi mno. Halafu akaongeza kwamba tangu nesi akuseme mbele za watu pale kwenye mzani, chakula cha usiku umeacha. Sikupata usingizi.

Kula, Upendo. Ujauzito si wakati wa kukonda. Najua kuitwa bonge kunavyochoma, nimeitwa sana.

Mimba ya Kelvin niliianza na kilo 84. Kila aliyekuja aliniambia nile kwa ajili ya wawili: mtori asubuhi, mtori jioni, katikati soda. Nikaongeza kilo 21. Presha ikapanda, miguu ikavimba, mwishowe nikapasuliwa. Mtoto alikuwa na kilo 4.3.

Mimba ya pili ndipo daktari alinipigia hesabu. Chukua uzito uliokuwa nao kabla ya mimba, gawanya kwa urefu wako kwa mita, kisha gawanya tena kwa urefu huohuo. Ukipata 30 au zaidi, mimba nzima unatakiwa kuongeza kilo 5 hadi 9. Ukiwa kati ya 25 na 30, ni kilo 7 hadi 11 na nusu. Umeona? Kuongeza kidogo, kama robo kilo kwa wiki kuanzia sasa. Hakuna aliyesema upungue! Soda na maandazi niliacha. Ndizi sikuacha, ila nusu ya sahani ilikuwa mnafu, na kila asubuhi nilitembea nusu saa. Niliongeza kilo 8, na presha haikunisumbua.

Kwa hiyo usiku kula, hata ugali kidogo na maharage. Nesi alikuumiza, lakini kliniki usiikimbie, maana presha na mkojo vinapimwa hukohuko.

Presha yako ilisoma ngapi? Sukari wamekupima? Hata kama walikupima, waombe tena ukifika wiki ya 24 hadi 28, sukari ya mimba hujificha. Kichwa kinauma? Macho yanaona ukungu? Ukiona hivyo usisubiri siku ya kliniki, nenda siku hiyohiyo. Baba Neema anajua kwamba unalala bila kula? Na kliniki ijayo ni lini, nije twende wote?

Wako,
Mama Kelvin