Tivii zetu ziwe na pa kuzimia waifai

Mhariri, salaam. Naomba nafasi kidogo maana hili jambo linatuumiza wengi huku Tanga na sioni likisemwa.

Hizi smati tivii zimejaa sasa hivi, ukipita Ngamiani maduka yamezipanga hadi barazani, na wengi wetu tunatumia king'amuzi na flashi tu, intaneti mara moja moja kwa hotspoti ya simu. Sasa ukishaiunga tivii siku moja imeshakariri paswedi, ukiwasha hotspoti mtoto afanye homuweki kwenye laptopu na yenyewe inajiunga kimya kimya inashusha apdeti zake, bando la wiki linakata hata taarifa ya habari ya saa mbili haijaisha. Unaingia kwenye setingi kutafuta pa kuzima waifai hupaoni, modeli nyingine hawajaweka kabisa.

Na siyo bando tu jamani. Mwaka 2017 kule Marekani kampuni ya Vizio ilikubali kulipa dola milioni 2.2 baada ya serikali kuishtaki kwamba tivii zake kama milioni 11 zilikuwa zinanasa kinachoonekana kwenye skrini sekunde kwa sekunde, hata kinachotoka kwenye king'amuzi au DVD, kisha taarifa zinauzwa kwa watu wa matangazo na wenye tivii hawajaombwa ruhusa. Ninachoangalia na mama watoto sebuleni kwangu kinawahusu nini hao?

Kwa sasa futa ule mtandao kwenye tivii halafu badilisha na paswedi ya hotspoti, maana ukifuta peke yake mtoto akiandika ile ile imerudi. Mwenye rauta amwite fundi aifungie tivii humo humo kwenye rauta. Na ukinunua mpya ikikuuliza waifai ruka tu, king'amuzi kitaonyesha vile vile.

Lakini mzigo huu tusiachiwe sisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ipo tangu 2022 na Tume yake ipo, nawaomba waingie madukani wawashe hizi tivii waone zinavyoomba ruhusa, Kiingereza kitupu kurasa na kurasa, mama wa watu anabonyeza OK ili awahi tamthilia yake. Na waagizaji wabanwe walete tivii zenye pa kuzimia waifai, na pawe pale mwanzo kabisa mwa menyu, kwa Kiswahili.

Msomaji wenu,
Makorora, Tanga