Barua kwa mwanangu: nenda wiki ya kwanza

Mwanangu Neema,

Juzi kwenye simu ulisema, "Mama, kule kwenye kitengo cha mahitaji maalumu nitakwenda nikishazoea chuo." Tangu siku hiyo usingizi wangu wa mang'amung'amu. Usingoje kuzoea. Nenda wiki ya kwanza, hao wenzako wakiwa bado kwenye foleni ya usajili.

Shuleni mambo yalikuja yenyewe. Mwalimu alipeleka jina lako, Baraza la Mitihani likaleta karatasi ya maandishi makubwa, na darasa la saba ukaongezewa dakika 20 kwa kila saa ya Hisabati na dakika 10 kwa masomo mengine. Chuoni hakuna mwalimu wa darasa. Usidhani kile ulichotiki kwenye fomu ya kuomba chuo, au ile fomu ya mkopo aliyosaini mganga mkuu wa wilaya, kimeshamfikia mhadhiri. Mhadhiri ana watu mia tatu mbele yake.

Toa nakala nne za fomu hiyo ya mganga, ya asili ikae kwenye bahasha. Cheti cha kliniki ya macho nacho kiwepo, kile kinachotaja uoni wa kila jicho, macho kuchezacheza na mwanga kukuumiza. Neno "ualbino" peke yake halimwambii mtu unasoma maandishi ya ukubwa gani. Ukifika usiseme tu "naomba msaada", taja vitu: mtihani wa maandishi ya saizi 24, muda wa nyongeza, meza iliyolipa dirisha kisogo, slaidi siku moja kabla ya kipindi. Kisha omba barua iende kila idara unayosoma.

Hapo kwenye karatasi kubwa ndipo watu wanapokosea. Watakwambia watapiga fotokopi ya A4 kwenye A3. Hesabu mwenyewe: A3 inakuza mpaka asilimia 141 ya ukubwa wa mwanzo, kwa hiyo saizi 12 inakuwa 17 tu. Mstari nao unarefuka, jicho linapotea likirudi mwanzo, na grafu inatoka na ukungu. Waombe wachapishe upya kutoka kwenye kompyuta, saizi 24, kwenye A4 ya kawaida. Kurasa zitakuwa nyingi, sawa tu.

Jambo jingine, kitengo huwa kinaangalia mitihani ya mwisho. Majaribio ya katikati ya muhula anayatunga na kuyasimamia mhadhiri mwenyewe, na hayo yana alama zake. Mfuate kila mhadhiri na barua yako, kila muhula upya, maana wanabadilika. Siku ya mtihani fika nusu saa kabla umwoneshe msimamizi barua. Akikusanya karatasi saa yako haijaisha, kuirudisha ni kazi.

Kwenye laptopu, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na alama ya kujumlisha, kioo kinakuza. Programu ya NVDA ni ya bure, itakusomea kwa sauti macho yakichoka, lakini kitabu kilichopigwa picha haikisomi hivi hivi. Omba faili lenye maandishi yenyewe.

Nakujua. Utakaa mbele, utainama mpaka pua iguse daftari, ukose ubao, halafu usiku uazime daftari la mwenzako. Umefika Mlimani kwa kuinama hivyo, na mimi hapa mtaani natembea kifua mbele kwa ajili yako. Lakini miaka mitatu huwezi. Na aliyekuwa akikwambia "vumilia, usisumbue walimu" ninamjua, hilo tuliache. Kuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Hauendi kuomba hisani pale, mama.

Kwenye kifurushi nimeweka kofia ya ukingo mpana na mafuta mawili ya jua, yale ya KCMC Moshi. Paka kabla ya kutoka, rudia kila baada ya saa mbili, shingo na masikio usiyasahau kama kawaida yako. Yasikae dirishani, joto la Dar litayaharibu. Kifurushi kachukue stendi ya Magufuli, usimtume mtu.

Huku bati la jikoni bado linavuja, fundi kachukua hela ya misumari hajarudi. Mdogo wako anataka kile kitanda chako, nimemwambia asubiri Krismasi. Alizeti tumekamua, madumu mawili nimeyatenga, moja la shangazi yako wa Kimara. Umshukuru vizuri, umekaa kwake wiki mbili.

Nipigie Ijumaa baada ya saa mbili usiku, na kabla hujanisalimia uniambie jina la aliyepokea karatasi zako.

Mama yako