Tatu, nisaidie kuamua kati ya Masaki na Morogoro

Kimara, Dar es Salaam
12 Agosti 2025

Mpendwa rafiki yangu Tatu,

Salaam nyingi zikufikie huko Tanga, wewe, shemeji na watoto wote, na shikamoo yangu umfikishie mama mkwe wako. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Imani anakua vizuri na kila mara anauliza lini mtakuja tena. Najua nimekaa kimya tangu tulipoonana msibani kwa Mzee Kombo, na ukimya huo ulitokana na kukosa la kukueleza: tangu mradi wetu ulipofungwa, fedha za Marekani ziliposimamishwa mwanzoni mwa mwaka huu, kazi yangu imekuwa ni kutuma maombi na kungoja. Sasa la kueleza limepatikana. Nimepata barua mbili za ajira katika juma moja, zote mbili zinataka jibu kabla ya mwezi huu kwisha, na sina mtu ninayemwamini kwa jambo hili kama wewe, uliyewahi kukaa kwenye meza ya hesabu katika ofisi za aina zote mbili.

Barua ya kwanza imetoka kwa kampuni moja ya Masaki, ambayo jina lake nitakutajia tukiongea kwa simu. Wananitaka niwe meneja wa fedha kwa mshahara wa shilingi 3,200,000 kwa mwezi kabla ya makato. Ya pili ni ya shule ya sekondari ya wasichana huko Morogoro, inayoendeshwa na masista, ambako mhasibu wa siku nyingi anastaafu, nao wanatoa 1,900,000. Ukizitazama tarakimu hizo peke yake utashangaa kwa nini bado sijatia saini ya Masaki. Baba Imani ameniambia kwa upole kwamba nichague palipo na amani ya moyo wangu, lakini usiku uleule nilimwona amechukua karatasi anakadiria mabati ya nyumba yetu ya Kibaha, ambayo imesimama kwenye lenta tangu mradi ufungwe. Joeli naye bado yupo chuoni, na ada yake ni juu yangu. Kwa hiyo usidhani ninaizungumzia fedha kama mtu asiyeihitaji.

Hata hivyo, mimi ni mhasibu, na nilikaa nikazipiga hesabu hizo hadi chini kabisa. Kwa mshahara wa Masaki, NSSF, ule mfuko wa hifadhi ya jamii, inachukua asilimia 10, yaani 320,000. PAYE, yaani kodi ya mapato inayokatwa kwenye mshahara, inakuwa 692,000. Na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo bado inanidai, inakata asilimia 15, yaani 480,000. Kinachobaki mkononi ni 1,708,000. Kwa Morogoro, NSSF ni 190,000, PAYE ni 341,000 na Bodi ya Mikopo ni 285,000, ninabaki na 1,084,000. Ile tofauti ya 1,300,000 inayong'aa kwenye barua imekuwa 624,000 kabla sijalipa kodi ya nyumba wala nauli. Mchango wa bima ya afya wa Morogoro sijauweka, kwa kuwa bado sijaambiwa mwajiri atabeba kiasi gani. Nakiri kwamba si makato yote ni hasara, maana kwa mshahara mkubwa deni la Bodi lingekwisha mapema na akiba ya NSSF ingekua haraka zaidi, hasa kwa kuwa mwajiri naye anaongeza asilimia 10 yake. Lakini ya kununulia unga na kulipia ada ni hiyo 624,000, na ndiyo ninayoulizwa niiuzie nini.

Hapo ndipo moyo wangu unapokwama, Tatu. Usaili wa Masaki ulipangwa saa kumi na moja jioni, na nilipotoka ilikuwa saa moja usiku. Hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa amefunga kompyuta yake. Karibu na mlango alikaa binti wa idara ya malipo, simu ameibana kati ya sikio na bega, mkono mmoja upo kwenye kibodi, anamwambia mtoto wake kwa sauti ya chini, "Mwambie dada akupe uji, unawe miguu, ulale, mama anakuja." Alirudia neno hilo la kuja, na macho yake hayakuondoka kwenye kioo. Tulipokuwa tunangoja lifti pamoja na mwenzake nilimuuliza kwa adabu kama ile ni siku ya kufunga hesabu za mwezi, akanijibu kuwa hapana, hiyo ni siku ya kawaida, na kwamba Jumamosi wanaingia hadi mchana.

Nilipofika nyumbani niliusoma mkataba wao upya. Kifungu cha saa za kazi kinasema kwamba nitafanya kazi kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, "na muda mwingine wowote kadiri mahitaji ya kazi yatakavyodai," bila kutaja malipo ya saa za ziada. Wewe unaijua vizuri Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: saa za kawaida zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, saa za ziada zisizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, nazo zilipwe kwa kiwango kisichopungua mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Lakini sehemu hiyo ya sheria haimhusu mfanyakazi anayewasimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mimi nitakuwa na wasaidizi watatu chini yangu, na juu yangu atakuwapo mkurugenzi mwenyewe. Ninavyoielewa, cheo hichohicho kinachonifurahisha ndicho kitakachoniondolea haki ya kudai saa zangu, na yule binti wa malipo anaweza kuwa na ulinzi wa sheria kuliko nitakavyokuwa nao mimi bosi wake. Naomba unisahihishe kama nimeisoma vibaya.

Basi nikafanya hesabu nyingine ambayo sikuwahi kuifanya katika maisha yangu ya kazi. Kwa saa ambazo yule mfanyakazi alinitajia, nikiondoa saa moja ya chakula, Masaki itakuwa saa 10 kwa kila siku kati ya siku tano na saa 6 za Jumamosi, yaani saa 56 kwa wiki. Morogoro wanafungua saa mbili na kufunga saa kumi, siku tano, yaani saa 35. Nikichukulia mwezi kuwa wiki nne, kila saa ya Masaki inaniachia mkononi takriban 7,600, na kila saa ya Morogoro takriban 7,700. Niliirudia mara nyingi kwa sababu sikuamini. Na hapo sijaweka safari: kutoka Kimara napanda mwendokasi hadi Morocco, kisha daladala au bodaboda kuingia Masaki, na kwa foleni za jioni sitegemei kutumia chini ya saa tatu kwa siku kwenda na kurudi. Ukiziingiza saa hizo, Masaki inashuka chini ya 5,800 kwa saa. Kwa maneno mengine, wananilipa zaidi kwa sababu wananichukua zaidi, na saa yangu yenyewe hawajaipandisha bei.

Shemeji yako mmoja, ndugu yake Baba Imani, alitoa wazo ambalo mwanzoni lilinifurahisha: tuhamie Morogoro kwa mama, nami niwe nakwenda kazini Masaki kwa treni ya SGR, ile reli mpya ya umeme, kwa kuwa mwendo wa Morogoro hadi Dar haufiki hata saa mbili. Nikampigia hesabu palepale. Nauli ni 13,000, kwenda na kurudi 26,000, mara siku 22 za kazi bila kuhesabu Jumamosi ni 572,000, ambayo inakaribia kuimeza ile 624,000 yote, na bado kuna kutoka stesheni hadi Masaki na kurudi. Akanyamaza.

Nimemtaja mama, na yeye ni nusu ya jambo hili. Presha yake haijatulia. Anakaa Kihonda na binti wa dada yangu, na mwezi uliopita dawa zilimwishia, akakaa siku kadhaa bila kuzimeza kwa kuwa hakutaka kunisumbua wakati sina kazi. Niligundua kwa kumuuliza yule binti, yeye mwenyewe asingesema. Bima ya afya ya kampuni ya Masaki ni nzuri, ila inanihusu mimi, mume na watoto tu. Ya Morogoro ni NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, ambayo inaruhusu kumwandikisha mzazi miongoni mwa wategemezi. Nikiwa Masaki nitaweza kumtumia fedha za dawa kila mwezi bila kuhangaika. Nikiwa Morogoro nitaweza kumwona akizimeza. Sijui kama kuna kiasi cha fedha kinachoweza kuziba tofauti hiyo, lakini pia najua fedha za dawa zikikosekana kuwapo kwangu hakutamponya.

Usije ukadhani nimeshaipamba Morogoro moyoni. Niliitembelea ile shule, na mhasibu anayestaafu alinifungulia makabati yake bila kuficha kitu. Alinionyesha mafaili ya ada yaliyofungwa kwa kamba, kila darasa na rangi yake, akaniambia wazi kwamba Januari na Julai shule zinapofunguliwa hakuna saa kumi wala saa kumi na mbili, kwa kuwa wazazi wanapanga foleni na hati zao za benki, wengine wakiwa na nusu ya ada na machozi, na kwamba Sista Mkuu ni mtu wa haki lakini hapendi kuulizwa juu ya nyongeza ya mshahara. Kengele ilipogonga saa kumi alifunga leja, akafunga dirisha, akanisindikiza getini huku akinionyesha miembe aliyoipanda mwenyewe. Jambo hilo lilinigusa kuliko nilivyotarajia. Lakini duka la Baba Imani lipo Kariakoo na haliwezi kuhama. Nikienda Morogoro tutakuwa tunaonana Jumamosi usiku na Jumapili, na Imani atamkosa baba yake badala ya kunikosa mimi. Hilo ndilo linalonirudisha nyuma kila ninapokaribia kuamua.

Kuna na CPA, ile sifa ya juu ya uhasibu. Nimebakiza ngazi ya mwisho, na mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, inafanyika Mei na Novemba. Kwa ratiba ya Masaki sioni nitasoma saa ngapi, labda usiku wa manane, na wewe unakumbuka jinsi Shukuru alivyojaribu njia hiyo na kilichompata. Kwa Morogoro ningesoma kila jioni, na nikifaulu, mshahara nitakaoudai baada ya miaka miwili hautafanana na huu wa leo. Baba Imani anasema hiyo ni hoja nzuri kwa mtu ambaye ada ya Joeli haidaiwi mwezi ujao. Anasema kweli, na mimi sina jibu la kumpa.

Nikikueleza ulipoegemea moyo, ni Morogoro. Nimefikiria kuwaomba masista nyumba ya mtumishi, kwa sababu ipo moja tupu nyuma ya zahanati yao, na wakinipa, kodi ya nyumba itaondoka kabisa katika hesabu za huko, nasi tutapunguza hapa Kimara tubaki na chumba kimoja cha Baba Imani. Wakati huohuo nataka kuwaandikia watu wa Masaki niwaombe waweke saa kwa maandishi: Jumamosi moja tu kwa mwezi, na siku za mapumziko za kufidia baada ya kufunga hesabu za mwaka. Wakikubali, nitalazimika kufikiri upya kwa haki, kwa kuwa ile 624,000 itakuwa imenunua kitu kingine kabisa. Naogopa tu kwamba wakiniona ninauliza saa kabla sijaanza watanihesabu mvivu na kuiondoa nafasi, nami nitabaki na barua moja, na masista nao wakijua nimebaki na moja wataacha kunipa nyumba. Miezi hii bila kazi imenifundisha woga ambao sikuwa nao.

Kwa hiyo naomba unisaidie. Ulipoacha ile kazi ya Upanga, je, uliwahi kuomba saa ziandikwe kwenye mkataba, na walikujibu nini? Anitha bado ana mtu anayefanya kazi kwenye jengo lile la Masaki, na anaweza kumuuliza kimyakimya kama kweli huwa wanatoka saa moja usiku, au niliwakuta katika wiki mbaya? Kifungu cha saa za kazi nimekipiga picha na kukiambatisha hapa; je, unakisoma kama ninavyokisoma mimi? Mshahara wako ulipopungua, ni kitu gani mlichokikata kwanza nyumbani, na kipi kiliwauma ambacho hamkukitarajia? Shemeji alilipokeaje katika mwaka wa kwanza, si kwa maneno bali kwa vitendo? Na mwisho niambie bila kunionea huruma: hivi ungekuwa na mama mgonjwa Morogoro na mume Kariakoo, ungeanza kumwomba nani, masista nyumba au Masaki saa?

Nipigie jioni yoyote baada ya saa mbili, au uniandikie ukipata nafasi, mradi jibu lako linifikie kabla ya tarehe 25, ili nibakiwe na siku chache za kuandika barua zangu kwa utulivu. Wasalimie wote hapo nyumbani, na mwambie Zainabu kwamba kitenge chake ninacho, nitakituma kwa basi.

Ni mimi rafiki yako akupendaye,
Mama Imani